Chokaa ya Kiota cha Bata

Thirza Venning hakujua kusoma, na sioni kwa nini niifiche habari hiyo, maana waliojua kusoma ndio nusura watupotezee mbuga yetu. Alikuwa mjane mwembamba, mwenye miguu mikubwa kama ya mwanamume na maneno machache. Kila mwezi wa Juni, kabla ya kufyeka nyasi, alishuka mbugani Sallowmead na kisu, ndoo ya chokaa na kamba ndefu. Mimi niliishi naye ukuta kwa ukuta miaka thelathini, mume wangu akishona matandiko ya farasi, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona.

Sallowmead haikuwa na ua wala kigingi. Ilikuwa na vipande kumi na viwili, na kila kipande kilijulikana kwa alama iliyokatwa ardhini upande wake wa juu: Shoka, Msalaba, Uma wa Samadi, na vingine, mpaka cha mwisho penye mtaro, kilichoitwa Pembe. Cha kwanza, karibu na barabara, kilikuwa Kiota cha Bata, duara lenye nukta tatu katikati, ndiyo mayai. Tulikuwa nyumba kumi na mbili zenye haki ya kufyeka, na hakuna aliyekuwa na kipande cha kudumu. Tulichukua matufaha kumi na mawili yaliyolazwa kwenye majani makavu tangu msimu wa nyuma, yamekunjamana kama mashavu ya bibi yangu, tukachonga alama moja kwenye kila tufaha, tukayatia kikapuni. Kila nyumba iliingiza mkono mara moja. Ukitoa Shoka, mwaka huo unafyeka Shoka, na ukitaka kununa, kanunie kwako.

Kila majira ya baridi mto ulipanda ukaifunika mbuga, na uliposhuka uliacha tope jembamba, nalo tope likafunika alama. Ndiyo maana ilibidi mtu azitafute kila mwaka, azikate upya palepale zilipokuwa, azijaze chokaa zionekane. Kazi hiyo ilikuwa ya Amos Venning, na alipokufa ikawa ya mkewe. Alianza na Kiota cha Bata. Akishakipata, alifunga kamba hapo akapima kipande kimoja baada ya kingine mpaka Pembe. Kiota kikikaa sawa, vyote vimekaa sawa.

Msidhani ulikuwa mchezo wa matufaha. Nyumba isiyo na nyasi kavu haiwezi kumvusha ng'ombe baridi, na nyumba isiyo na ng'ombe haina maziwa wala jibini, na mwisho wa njia hiyo ni nyumba ya maskini kule mjini, ambako mume hutengwa na mkewe kwenye lango. Sote tulimjua mtu aliyeishia huko.

Sasa, habari ya majina. Sisi tulisema Ducksnest, yaani kiota cha bata, na tuliridhika. Lakini makarani ni watu wa kupenda kutia chumvi. Katika kitabu kikuukuu cha kanisa kipande hicho kiliandikwa Dukkenest. Katika ramani ya zamani ya kaunti kikawa Dokesnes. Karani wa zaka akaandika Duxness, na mwingine, labda alikuwa na mafua siku hiyo, akaandika Duck's Nose, pua ya bata. Kasisi wetu, mtu mwema lakini elimu ilikuwa imempanda kichwani, alitunga hotuba nzima kwamba jina lilitokana na mtakatifu mmoja wa kale aitwaye Dokka, aliyesali pale akiwa na maji mpaka magotini.

"Mchungaji," Thirza alimwambia, "ile alama ina mayai. Bata anataga. Mtakatifu hatagi."

Kasisi alicheka mpaka akafuta macho, na kwa miaka mingi hapakuwa na ubaya wowote katika jambo hilo.

Ubaya ulikuja mwaka 1847, pamoja na Bwana Lucius Pargeter wa jumba kubwa. Huyu alitaka kuizungushia Sallowmead ua na kunenepesha maksai. Akatoa habari kwamba babu yake, aliponunua eneo lote miaka sitini nyuma, aliwahurumia maskini akawaruhusu wakate nyasi. Huruma tu. Na huruma ya babu, mjukuu anaweza kuikunja akaiweka mfukoni. Serikali ikamtuma msuluhishi, mzee mpole mwenye pua nyekundu, akaketi katika chumba cha nyuma cha kilabu chetu, sisi tukajazana mpaka dirishani.

"Neno ni moja," alisema. "Kama mlikuwa mnagawana mbuga hii kabla ya babu yake Bwana Pargeter, ni yenu milele. Kama mlianza naye, au baada yake, ni ya Bwana Pargeter. Nionyesheni."

Kasisi akatoa karatasi zake. Hapo ndipo alipoinuka wakili wa Pargeter, aitwaye Crale, kijana mwenye viatu vya kung'aa kuliko macho yake. Akazipanga karatasi mezani, akaziangalia kama mtu aliyeletewa mchuzi wenye nzi.

"Mheshimiwa, hapa naona Dukkenest. Hapa Dokesnes. Hapa, samahani, Pua ya Bata. Hakuna hata karatasi moja inayosema ni upande gani wa mto. Hawa watu wa zamani walikuwa na mahali fulani, sikatai. Lakini nani humu ndani ataapa kuwa ni hapa?"

Msuluhishi akajikuna pua. Akasema karatasi zile hazisaidii upande wowote, na kama hatuna kitu kingine itabidi aamini mkataba wa babu wa kununua eneo, maana huo angalau una mipaka. Nilimwona mume wangu ameinamisha kichwa, naye si mtu wa kuinamisha kichwa.

Ndipo Jabez Hockaday akasimama. Jabez alikuwa mwezekaji wa mapaa, umri wake miaka sabini, na kisirani chake kilijulikana wilaya nzima. Katika miaka ishirini na miwili alikuwa ametoa tufaha la Pembe mara tisa. Mara tisa! Na kila mara alilalamika kwamba Pembe imepungua. "Nimeipima kwa mundu," alikuwa akisema, "inakosa hatua nzima." Nasi tulikuwa tukimwambia, "Mzee Jabez, Pembe haijapungua, ni tumbo la ng'ombe wako limekua." Mimi mwenyewe nilimwambia hivyo, na nilijiona mjanja.

"Bwana wakili," alisema Jabez, "wewe umesoma karatasi. Umewahi kusoma tope?"

"La, sijapata bahati hiyo."

"Basi leo utaipata. Kila mwaka tunatia chokaa. Kila mwaka mto unaifunika. Chokaa haiozi, bwana. Ichimbe alama yoyote pale, utakuta mstari mweupe, tope, mstari mweupe, tope, kama keki ya harusi ya matajiri. Hesabu mistari, utapata miaka. Ikizidi sitini, nenda kamwambie bosi wako atafute maksai wa kufuga sebuleni."

Chumba kililipuka kwa vicheko na kupiga meza. Msuluhishi akachangamka, akamuuliza wakili kama anapinga. Crale akasema hapingi, ila lichimbwe shimo moja tu, mbele ya wote, na liwe katika hicho kipande cha majina matano kinachosifiwa. "Kiota cha Bata," alisema kwa kejeli. "Tukaone mayai."

Katika furaha ile niligeuka nimshike Thirza mkono. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko chokaa.

"Una nini, shoga? Tumeshinda!"

"Niache," alisema. "Niache kidogo."

Tulishuka kijiji kizima, watoto mbele, mbwa nyuma. Nyasi zilikuwa zimefika kiunoni. Jabez akapangusa tope mpaka likaonekana duara la chokaa ya mwaka jana, akaweka sepetu lake kando yake, akakata ukuta wima, safi, kama mtu anayekata jibini. Kweli, mistari ilikuwepo. Msuluhishi alipiga magoti akahesabu kwa kalamu. Mmoja, miwili, mitatu. Tulihesabu naye kwa sauti kubwa. Tukafika ishirini. Ishirini na mmoja. Ishirini na miwili.

Kisha hapakuwa na mstari tena. Jabez alichimba chini zaidi, haraka, jasho likimtoka puani, na chini kulikuwa na tope la kahawia tupu.

Crale hakucheka mara moja. Alisubiri tunyamaze, maana alikuwa mtu wa kufurahia chakula chake polepole.

"Ishirini na miwili," alisema. "Mheshimiwa, hata huruma ya babu ina umri mkubwa kuliko desturi hii! Nauliza, huyu mama amekata alama kwa miaka mingapi?"

Sote tulijua ni ishirini na miwili, na sote tulianza kumtazama Thirza kwa jicho lingine. Jabez alisimama ndani ya shimo, mzee wa watu, mdomo wazi. Pargeter juu ya farasi wake aliangalia saa yake.

Jamani, nimeishi miaka mingi na nimewaona wanaume wakienda vitani kwa ngoma. Sijaona ujasiri kama wa mwanamke yule alipovuka kutoka nilipokuwa mimi mpaka ukingoni mwa lile shimo.

"Shimo halidanganyi," alisema Thirza. "Mimi ndiye niliyedanganya."

Akaeleza. Alimzika Amos siku ya Jumatatu, na Jumamosi yake alama zilitakiwa kukatwa. Baridi ya mwaka ule mto ulikuwa umeleta tope nene kama kiganja. Alitembea peku kama Amos alivyomfundisha, akitafuta kwa kidole cha mguu kibonde kidogo kinachobaki juu ya alama. Alilia huku akitafuta, na aliposikia kibonde akakata. Hakikuwa Kiota. Kilikuwa unyayo wa ng'ombe. Majuma mawili baadaye nyasi zilipokwisha kufyekwa, aliona chembe ya chokaa ya Amos hatua moja kutoka pale, upande wa barabara.

"Kwa hiyo kamba niliifunga mahali sipo," alisema, "na vipande vyote vikasogea hatua moja kuelekea mtaroni. Hatua iliyobaki kando ya barabara imeliwa na mabata bukini miaka yote hii. Na kipande cha mwisho kimepungua hatua moja. Mzee Jabez alisema kweli. Mara tisa alisema kweli, nami nilikaa kimya mkimcheka."

Sasa mnapaswa kujua alichokuwa anakitupa. Sheria ya Sallowmead ilikuwa kongwe kuliko sote, na mtoto wa miaka mitano aliijua: mwenye kuhamisha alama, kwa kusudi au kwa bahati mbaya, hatashika kisu tena, wala mkono wake hautaingia kikapuni mpaka afe. Mkono usioingia kikapuni hauna nyasi. Mwaka ule wa kwanza alikuwa na mabinti wawili wadogo na ng'ombe mmoja. Angesema lini? Mwaka wa pili kosa lilikuwa kubwa zaidi, na wa tatu kubwa zaidi ya wa pili. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuwa na mabinti wa Thirza wa kulisha.

"Mheshimiwa!" Crale alipaza sauti. "Sasa tutachimba kaunti nzima kila mtu akikumbuka dhambi yake? Tulikubaliana shimo moja!"

"Tulikubaliana shimo kwenye Kiota cha Bata," alisema msuluhishi. "Mama huyu anasema hili silo. Mama, unaweza kunionyesha kilipo?"

Thirza alivua viatu. Akaweka kisigino kwenye ukingo wa duara, akapiga hatua moja kuelekea barabarani, akasimama. Akakanyaga huku na huku, macho amefumba.

"Hapa," alisema. "Msipokuta chokaa hapa, nipelekeni jela, na mbuga mchukue."

Jabez alitoka shimoni. Alimtazama mwanamke aliyemwacha achekwe miaka ishirini na miwili, na mimi nilidhani atamtemea mate. Akasema tu, "Sogeza huo mguu wako mkubwa nisije nikaukata," akazamisha sepetu.

Kwanza lilitoka tope tupu, kina kilekile cha mistari ya shimo la kwanza, yaani ile miaka ishirini na miwili ya kosa la Thirza. Kisha Jabez akatoa mguno. Ulionekana ukingo mweupe, mzito, mstari wa mwisho wa Amos Venning, na chini yake mwingine, na chini yake mwingine.

"Mmoja," alisema msuluhishi.

"Mmoja!" tuliitikia.

Toa ishirini na miwili katika sitini, inabaki thelathini na minane. Sote tulikuwa tumepiga hesabu hiyo vichwani, hata wale wasiojua kuhesabu kuku wao. Tulipofika thelathini na mitano tulijisukuma mpaka ukingoni. Thelathini na saba. Thelathini na minane, huyo ndiye babu Pargeter na karatasi yake. Msuluhishi alisukuma kalamu chini kidogo, akapangusa tope kwa kidole gumba.

"Thelathini na tisa," alisema.

Hatukuitikia. Tulipiga yowe. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua, baadaye nikaambiwa ni karani wa msuluhishi. Watoto walirusha kofia, mume wangu alikaa chini majanini akilia kama mtoto, na Jabez aliendelea kuchimba kama mtu aliyelaaniwa, akipiga kelele, "Hesabuni, wavivu nyie, hesabuni!" Tukahesabu. Sitini. Themanini. Mia moja. Tulifika mia moja na kumi na saba, ndipo maji ya mto yakaanza kujaa shimoni, na mistari ilikuwa ingali inashuka chini ya maji.

Msuluhishi alisimama, magoti yake yana matope, kidole chake kina chokaa. Alimgeukia Bwana Pargeter akasema kwa adabu kwamba Sallowmead ni mali ya nyumba kumi na mbili, na kwamba ua wowote utakaojengwa pale utang'olewa kwa gharama ya aliyeujenga. Pargeter aligeuza farasi. Crale alibaki akijaribu kupangusa viatu kwenye nyasi. Jabez alimpa tonge la tope lenye mstari mweupe katikati.

"Kaweke kwenye makaratasi yako, bwana wakili. Hili halina tahajia."

Kengele za kanisa zilipigwa mchana kutwa, na mwenye kilabu akafungua pipa la mvinyo wa matufaha bila kuombwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea na halijatokea tena. Karani wa msuluhishi alikuwa akichora ramani mpya mezani. Akauliza aandike jina gani katika yale yote. Kila mtu akataja lake, kasisi akamtaja Dokka kwa mara ya mwisho. Msuluhishi akasema aandike Ducksnest, kama wenyewe wanavyotamka, na pembeni achore alama. Akachora duara na mayai matatu, kisha shoka, kisha msalaba, mpaka pembe. Ramani hiyo ipo hadi leo, nami nimeishika. Makarani wa baadaye wameshaandika jina hilo kwa namna nyingine mbili, lakini duara hakuna aliyethubutu kuligusa.

Thirza hakunywa. Alipita nyuma ya kilabu akaenda nyumbani, na nilipobisha mlango wake hakufungua.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kikapu. Kisu nilipewa mimi. Nilikata Kiota cha Bata mahali pake pa kweli, nikafunga kamba hapo. Watu walikusanyika. Thirza alikuja pia, lakini alisimama mbali, kando ya barabara, mikono yake ameifunga ndani ya aproni. Alikuwa ametuokoa, na sheria ileile aliyotuokolea ndiyo iliyomtoa. Tungeivunja kwa ajili yake, tungekuwa tunamwambia Pargeter kwamba desturi yetu ni mchezo tu.

Nyumba moja moja zilitia mkono. Jabez akatoa tufaha lake, akalitazama, akalia kwa uchungu. Pembe, mara ya kumi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, safari hii naye akacheka, maana Pembe ilikuwa imerudishiwa hatua yake.

Kisha hakuondoka kwenye kikapu. Akaingiza mkono tena.

"Mzee Jabez!" nilisema. "Umeshatoa!"

"Nimetoa la nyumba yangu. Hili ni la nyumba ya Venning." Akatuangalia mmoja mmoja kwa kile kisirani chake. "Sheria inasema mkono wake usiingie kikapuni. Nani ameuona mkono wake kikapuni? Mwenye macho aseme."

Hakuna aliyesema.

"Basi. Na mimi nitautia huu wangu kila mwaka mpaka nife, na nikifa autie mwanangu. Mara tisa niliambiwa mwongo katika mbuga hii. Mtu mmoja tu ndiye aliyesimama mbele ya kijiji akasema Jabez alisema kweli, na ilimgharimu kila kitu."

Akavuka nyasi mpaka barabarani na tufaha mkononi. Lilikuwa Msalaba, kipande kizuri, kikavu, chenye nyasi tamu. Thirza hakutoa mikono kwenye aproni. Jabez alimngoja, mzee wa miaka sabini amesimama juani, ameshika tufaha kuukuu kama linavyoshikwa yai. Mwishowe mkono mmoja ukatoka, ukalipokea.